Mgomba, wavu wa kuku au sponji ya kijani: kipi kinashika maua ya mezani?

Gungu_Maua: Wakuu, harusi Ujiji, meza 12, ukumbi wa bati. Vifaa vilivyopo: wavu wa banda la kuku, vipande vya mgomba, nyavu kuukuu za dagaa, makopo ya maziwa ya gramu 900 na vibuyu. Maua ni waridi na alizeti, kijani ni makuti ya mchikichi. Yakae saa 10 bila kulegea. Au niagize tu sponji ya kijani, ile ya kuchomekea maua?

Ngambo_Pambo (Tabora): Meza kuu weka mgomba, nyingine makopo yenye wavu. Mgomba uwe umekatwa siku hiyo hiyo. Chukua kipande cha sentimita 25, bandua maganda mawili ya nje, usimamishe nusu saa utomvu uchuruzike. Chonga ubavu mmoja uwe bapa, la sivyo utabingirika. Chini tandika nailoni: utomvu wa mgomba ukigusa kitambaa cheupe, umekipoteza. Toboa kwa spoku ya baiskeli kina cha sentimita 5, ndipo uingize shina lililokatwa mshazari. Ukilisukuma bila kutoboa linapondeka, mirija inaziba na waridi linainamisha kichwa. Tundu moja, ua moja. Ukichomoa, toboa pengine, maana tundu la zamani limeshalegea.

Fundi_Ziwani: Hapo sawa, ila alizeti usiiweke kwenye mgomba. Inakunywa sana, na unyevu wa gogo hauitoshi. Iende kwenye kopo.

Wavu: tundu za inchi moja, kipande chenye upana mara tatu ya mdomo wa kopo. Kunja kama mpira uliolegea, shina lipite tabaka tatu. Ukikaza sana hakuna kinachopita. Juu funga selotepu msalaba wakati mdomo bado mkavu, ukishalowa haishiki.

Gungu_Maua: Na nyavu za dagaa, kaka?

Fundi_Ziwani: Tundu ndogo mno, uzi laini, hazisimamishi kitu. Zungushia nje ya kopo kama pambo. Na uzioshe kwanza, wageni hawakuja kunusa mwalo.

Bi_Isevya: Mwanangu, kopo usilitie maji moja kwa moja. Kata chupa ya maji ya lita 1.5, isimamishe ndani, wavu ukae humo. Maji lita moja: sukari kijiko kimoja cha chai, jiki kijiko kimoja cha chai, maji ya limau viwili. Mchanganyiko huo unakula bati, kutu ikaingia kwenye maji. Kibuyu nacho kinavuja taratibu, kiwekee gilasi ndani. Kitako chake ni mviringo, kwa hiyo kisokotee ngata ya majani makavu ya mgomba.

Ngambo_Pambo: Sponji bado ina faida moja, maua yanakaa kwa pembe yoyote. Lakini iache izame yenyewe. Ukiikandamiza katikati panabaki pakavu, na ikishakauka hainyonyi tena vizuri. Tena ni plastiki, haiozi. Chama cha bustani cha Uingereza, RHS, kiliiondoa kwenye maonyesho yake kuanzia 2021. Kwa meza 12 mimi nisingeiagiza.

Gungu_Maua: Na makuti, nayatoboa kama waridi?

Bi_Isevya: Hapana, hayo ni magumu. Chonga ncha kama mshale, yanaingia yenyewe. Yatangulie, waridi zifuate.