Je, Abhidhamma ni neno la Buddha au ni kazi ya wanazuoni wa baadaye?

Mwalimu wa Dini, Lamu
Assalamu alaykum. Ninafundisha dini linganishi, na majuzi nilizungumza na wageni wawili Wabudha kutoka Sri Lanka waliofikia Shela. Mmoja alishikilia kwamba Abhidhamma, yaani vitabu vya uchambuzi wa mafundisho vilivyo fungu la tatu la Tipitaka, maandiko matakatifu ya Kibudha, ni mafundisho ya Buddha mwenyewe, na kwamba Visuddhimagga, kitabu cha Buddhaghosa cha karne ya 5, ndicho mwongozo wa kuyaelewa. Mwenzake alisema Sutta, yaani fungu la hotuba za Buddha, zinatosha, na yaliyofuata ni hoja za wanazuoni ambazo hazimfungi mtu. Wote wawili ni wa Theravada, madhehebu ya Kibudha yaliyoenea Sri Lanka. Je, msimamo huu wa pili umezuka siku hizi tu, au una mizizi ndani ya Ubudha?

Msomaji wa Malindi
Waalaykum salaam, mwalimu. Una mizizi mirefu. Katika India ya kale, Wasautrantika, kundi la Wabudha lililoshikamana na hotuba, walikataa kuvihesabu vitabu vya Abhidharma (ndiyo Abhidhamma kwa Kisanskriti) kuwa neno la Buddha, wakabishana na Wasarvastivada, kundi jingine la Wabudha, waliovitegemea. Mwanazuoni Vasubandhu alipoandika kitabu chake Abhidharmakosha aliyapanga mafundisho ya Wasarvastivada kwa ustadi mkubwa, kisha katika ufafanuzi wake mwenyewe akayakosoa mara kwa mara kwa hoja za Wasautrantika. Hoja nzito kuliko zote kwangu ni hii: Wasarvastivada na Watheravada kila mmoja ana vitabu saba vya Abhidhamma, lakini si vitabu vilevile, ilhali hotuba zao zinakaribiana sana.

Bint Mkomani
Kwa heshima, ndugu yangu wa Malindi, hapo umewaonea wafafanuzi. Buddhaghosa hakuketi akabuni dini. Alikusanya na kuandika kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, maelezo ya Kisinhala yaliyokuwa yamehifadhiwa katika Mahavihara, nyumba ya watawa ya Anuradhapura huko Sri Lanka. Hotuba nyingi ni fupi, na zilielekezwa kwa wasikilizaji waliojua muktadha wake. Aliyesoma kwa masheikh wetu hapa Lamu anajua jinsi matni isiyo na sharhi inavyompoteza mwanafunzi mwenye haraka. Huko Burma, mtawa Ledi Sayadaw, aliyefariki mwaka 1923, aliwafundisha hata watu wa kawaida Abhidhamma, naye hakuiona kuwa mzigo wa wasomi peke yao.

Msomaji wa Malindi
Dada, sipingi kufafanua. Napinga kuongeza kisha nyongeza ikapewa hadhi ya asili. Wafafanuzi wanasema kitu chenye umbo hudumu kwa muda wa nukta 17 za fikra, yaani mapito 17 mafupi mno ya fikra. Hesabu hiyo haimo katika hotuba, ambazo zinatosheka kufundisha kwamba kila kilichoumbika hupita. Hotuba ya Mahaparinibbana nayo inaagiza kwamba mtu akidai fundisho fulani limetoka kwa Buddha, hata kama amelipokea kwa wazee wenye elimu, lilinganishwe na Sutta na Vinaya, yaani kanuni za watawa, na lisipoafikiana nazo liachwe.

Bint Mkomani
Kipimo hicho nakikubali kikamilifu. Lakini tazama kinavyosema: kinataka fundisho liafikiane na hotuba, hakitaki liwe limetamkwa humo neno kwa neno. Mgeni wa kwanza wa mwalimu atajibu kwamba nukta 17 ni kupitika kulekule kulikochambuliwa kwa undani zaidi. Ukitaka kumpinga, onyesha hotuba inayogongana na uchambuzi huo. Kuchelewa kwake peke yake hakutoshi.

Msomaji wa Malindi
Hilo ni sawa, ila mzigo wa ushahidi naubakiza kwa anayeongeza. Mwalimu, wageni wakiwa bado wapo Shela, anzia hapo.