Rangi za maji, kalamu za wino au kishikwambi: nichoree nini riwaya zangu mpya?

Msomaji wa Ilala
Habari za jioni wakuu. Hatimaye nimezipata riwaya nilizokuwa nazisaka: Kuli na Vuta N'kuvute za Adam Shafi, Rosa Mistika ya Kezilahabi, na Peponi ya Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Mimi nikisoma lazima nichore. Ukurasa ukinishika naweka kitabu pembeni na kuchora nilichokiona: uso wa mtu, kichochoro, dirisha, hata jiko la mkaa. Siku zote nimetumia penseli na karatasi za fotokopi, na karatasi hizo zikikaa pamoja zinasuguana mpaka picha zinapauka. Hizi riwaya nne nataka nizichoree kitu cha kudumu.

Nimebakiwa na machaguo matatu. Rangi za maji na karatasi yake nzito. Kalamu za wino mweusi na daftari la kuchorea la kawaida. Au kishikwambi chenye kalamu yake, niachane kabisa na karatasi. Nanunua Jumamosi. Wenye uzoefu, nichukue kipi?

Kalamu Nyeusi
Karibu mkuu, na hongera kwa vitabu. Lakini hujataja bajeti. Hujasema michoro ni ya kubaki daftarini, ya kutundika ukutani au ya kupandisha mtandaoni. Hujasema unachorea wapi, mezani nyumbani au kwenye daladala. Bila hayo kila mtu hapa atakupa anachokipenda yeye.

Bint Malindi
Mie nakwambia rangi za maji, wala usihangaike. Peponi umeshaianza? Ukifika kwenye ile bustani yenye kuta, na bwawa lake, na vioo vilivyotundikwa mitini, utaichoraje kwa wino mweusi? Yusuf anaipenda bustani ile kuliko mahali pengine popote. Ukimnyima kijani na maji yanayomeremeta umemnyima kila kitu.

Msomaji wa Ilala
Bint Malindi, nipo hapo hapo kwenye bustani! Ndiyo maana nimekuja kuuliza.

Kalamu Nyeusi, nikijibana ni laki moja na nusu. Nachorea popote nilipo.

Fundi Skrini
Kwa laki moja na nusu sahau kishikwambi kizuri kipya. Unachoweza kupata ni ubao mdogo wa kuchorea usio na kioo, ule unaouchomeka kwenye kompyuta. Unachora juu yake huku macho yako kwenye skrini. Mkono unachukua muda kuzoea, ukizoea umeshamaliza kazi. Programu ya Krita ni ya bure na inatosha kabisa. Ukikosea unarudisha nyuma, rangi haikuishii, na mchoro haupatwi na ukungu. Swali ni moja: kompyuta unayo?

Kalamu Nyeusi
Na kasema anachorea popote alipo. Abebe kompyuta kwenye basi la mwendokasi?

Fundi Skrini
Achore penseli njiani, akifika nyumbani apige picha kwa simu na kuitia rangi kwenye kompyuta. Wachoraji wengi wa vitabu vya watoto siku hizi wanafanya hivyo.

Mwalimu wa Ziwani
Salamu kutoka Kisumu. Kabla hujanunua kalamu yoyote ya wino, nisome mpaka mwisho.

Mwaka jana niliahidi maktaba ya shule yetu mfululizo wa picha za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammad Said Abdulla. Watoto walikuwa wanasoma Mzimu wa Watu wa Kale, nikaona wakiona picha ukutani watagombania kitabu. Nikaagiza kalamu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Tangazo lake liliandika wazi kwamba wino ukikauka haufutiki kwa maji. Kalamu zilikuja zimefungwa vizuri, ncha nyembamba mpaka nene, na kwa kweli mistari ilikuwa mizuri ajabu. Nilichora Bwana Msa na kiko chake, mzimu wenyewe usiku, miti, vivuli, taa ya kandili. Picha zote zilikuwa za giza, yaani wino mwingi. Nikaziacha zikauke usiku kucha.

Kesho yake nikachukua brashi nipake rangi ya maji nyepesi juu, manjano kidogo kwenye mwanga wa taa. Mstari wa kwanza ukaanza kutembea. Weusi ukaingia kwenye manjano, ikawa zambarau chafu. Nikajaribu picha nyingine, nikaiacha ikauke zaidi, hali ile ile. Kiko cha Bwana Msa kikawa doa. Nikamwandikia muuzaji na kumtumia picha, akajibu kwamba karatasi yangu ndiyo mbovu. Nikachora kwenye karatasi nyingine tatu tofauti, moja nzito ya rangi za maji, nikampelekea. Hakujibu tena. Nilichora upya mfululizo mzima kwa penseli na watoto wakazipenda, lakini nilichotaka kuwaonyesha, ule mwanga wa kandili gizani, hawakukiona.

Kwa hiyo tafuta kalamu zenye wino wa pigmenti. Wino huo una chembechembe za rangi zinazoshika kwenye karatasi, ukikauka haurudi. Wino wa kawaida ni rangi iliyoyeyuka, maji yakija inayeyuka tena. Na dukani omba kuijaribu: chora mstari, subiri, pitisha kidole chenye maji. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kalamu Nyeusi
Pole sana mwalimu. Hicho ndicho nilichotaka kusema kuhusu wino. Kalamu za Sakura Pigma ni za aina hiyo ya pigmenti, nazitumia na sijaona zikitembea. Bandia zipo pia, hivyo jaribio la kidole liko pale pale.

Lakini hapa mnabishana kalamu na brashi, na karatasi ndiyo inayoamua. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ikiguswa na maji inakunjamana. Rangi za maji zinataka gramu 300. Ya 200 inavumilika ukiibandika kwanza pande zote nne kwenye ubao kwa ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, upake, usiibandue mpaka ikauke kabisa. Daftari la kuchorea la kawaida ni la penseli na kalamu, ukilipa maji mengi litakuangusha. Na uso wa karatasi uangalie: wenye mikwaruzo unashika rangi vizuri, ila ncha nyembamba ya kalamu inakwama na kuharibika. Anayetaka wino na rangi pamoja achukue nzito yenye uso laini.

Mzee wa Gati
Mimi nimeingia kwa sababu ya Kuli. Kijana, utakapomchora Rashidi na wenzake gatini, usiwachore na helmeti na fulana za kuakisi mwanga kama nilivyoona kwenye mchoro mmoja. Mgomo wa makuli unaosimuliwa humo ni wa mwaka 1948, Unguja. Watu wanabeba mizigo kwa migongo na mabega. Chora mgongo wa mtu aliyebeba gunia, uone uso unavyoelekea chini. Kwa hilo mkaa au penseli nene, 4B au 6B, inashinda rangi zote mlizotaja. Kuli ni kitabu cha jasho na vumbi.

Bint Malindi
Mzee wa Gati, hapo nakuunga mkono nusu. Kuli iwe ya penseli, sawa. Lakini Vuta N'kuvute je? Yasmin umchore bila rangi? Na kwa kuwa umegusa mavazi, na niseme: wachoraji wengi wakichora Unguja ya zamani wanamvisha kila mwanamke baibui la siku hizi. Wakati ule kulikuwa na baibui la kamba, linakaa vingine kabisa kichwani na mabegani. Bibi yangu alikuwa nalo. Tafuteni picha za zamani kabla ya kuchora.

Mzee wa Gati
Filamu ya Vuta N'kuvute ilitoka mwaka 2021, ya Amil Shivji. Aitazame humo, aone mavazi na mitaa.

Bint Malindi
La, asiitazame kwanza! Akishaiona filamu atachora nyuso za waigizaji. Asome, achore, halafu ndiyo atazame.

Mwalimu wa Ziwani
Naam. Wanafunzi wangu niliwapa aya moja wachore, na kila mmoja akaja na Bwana Msa wake. Mmoja alimfanya mnene, mwingine mwembamba mrefu. Wote walikuwa na kiko.

Mpita Njia
Mbona mnamtia gharama mwenzenu? Mimi nachora humo humo kitabuni, pembeni mwa ukurasa, kwa Bic ya kawaida. Mchoro unakaa na sentensi iliyouzaa. Nikifungua kitabu baada ya miaka najua nilikuwa naona nini.

Kalamu Nyeusi
Kitabu cha kutafutwa kama Kuli unakichora kwa Bic?

Mpita Njia
Ni changu, nimekilipia.

Mzee wa Gati
Kuna atakayekisoma baada yako, mwanangu. Vitabu vya Kiswahili vya zamani vinachapwa kidogo na kupotea haraka. Nakala moja inasomwa na nyumba kumi.

Mwalimu wa Ziwani
Mzee, mimi hapo namwelewa Mpita Njia. Hapa Kenya wale wauza vitabu vya kando ya barabara, tunaowaita inama, nimewahi kununua kwao riwaya iliyojaa maandishi ya msomaji wa kwanza pembeni. Alikuwa anabishana na mhusika ukurasa baada ya ukurasa. Nilizisoma riwaya mbili kwa bei ya moja. Ila basi atumie penseli, si Bic.

Fundi Skrini
Mleta mada bado hajajibu kama ana kompyuta.

Msomaji wa Ilala
Nashukuru sana nyote. Kompyuta ni ya ofisini, siwezi kuingiza programu. Kwa hiyo kishikwambi nakiweka pembeni kwa sasa. Nabaki kati ya rangi na wino. Mzee wa Gati umenifanya nirudi kuzisoma upya zile kurasa za gatini, na jana usiku nimechora mgongo tu, bila uso, kwa penseli. Ni mchoro bora niliowahi kuufanya.

Swali lingine: kuna mtu aliniambia chai ya rangi inafaa kupakwa badala ya rangi ya kahawia. Kweli? Rosa Mistika naiona yote kwa rangi hiyo, udongo wa Ukerewe na ziwa jioni.

Kalamu Nyeusi
Inafaa kwa majaribio. Kahawa nyeusi isiyo na sukari inakoza zaidi. Lakini zinapauka, na ukiweka sukari utaita sisimizi. Kwa kitu cha kudumu nunua rangi za kahawia mbili, moja nyepesi na moja nyekundu-nyekundu, na bluu moja iliyokolea. Bluu na kahawia ukizichanganya unapata kivuli kizuri kuliko weusi wa kwenye kopo. Sanduku la rangi 24 huhitaji.

Bint Malindi
Na kijani cha bustani atakipata wapi kwenye hizo tatu?

Kalamu Nyeusi
Aongeze njano.

Bint Malindi
Njano na bluu gani? Bluu iliyoelekea zambarau haitoi kijani cha mwembe hata uikoroge mpaka asubuhi. Msomaji, chukua bluu mbili.

Mpita Njia
Jumamosi unapitia barabara ya Samora? Nitakuwa maeneo hayo. Na Peponi ukiimaliza niazime, nakuahidi nitaisoma bila kalamu mkononi.