Gurudumu moja juu ya njia ya miguu London: tukate rufaa au tulipe?

MkalimaniWaLondon

Wakuu, naleta hoja, na naomba msome hadi mwisho kabla ya kunirukia.

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya kile kibahasha cha plastiki kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. "Ndugu yangu, hebu niandikie rufaa." Ukikifungua, kosa namba 62: gari limepakiwa gurudumu moja au zaidi juu ya njia ya waenda kwa miguu. Na kabla sijauliza lolote naletewa ile barua inayozunguka WhatsApp, mnaijua: hapakuwa na kibao, hapakuwa na mstari wa njano, mtaa ni mwembamba, majirani wote wanapaki hivyo, na mama mwenye kigari cha mtoto angepita bila shida. Hoja tano, na kwa London hakuna hata moja inayofuta faini.

Msimamo wangu ni kwamba tumeligeuza jambo hili juu chini. Asiye na hoja ndiye anayekata rufaa kwa kelele, na mwenye hoja anaogopa, analipa nusu bei, anakaa kimya.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1974, ile ya Greater London Council (iliyokuwa halmashauri kuu ya jiji), kifungu cha 15. Tumezoea kwamba ukiona kibao cha katazo ndipo unajua usipaki. Kwa njia ya miguu London ni kinyume: katazo liko kila mtaa, na kibao kinawekwa pale ambapo halmashauri imeruhusu. Kwa hiyo ukiandika "sikuona kibao" umeisaidia halmashauri kuthibitisha kesi yake. Upana nao haumo. Sheria haisemi uache nafasi kiasi gani. Gurudumu moja likiwa juu ya ukingo, kosa limetimia. Mtaa mwembamba? Jibu lao ni fupi: basi usipaki hapo. Majirani? Kwamba askari wa maegesho hakupita jana hakujawa ruhusa ya leo. Hata kadi ya buluu ya ulemavu haikukingi.

Sasa zinazosimama ni zipi? Gari likikuharibikia pale pale na una risiti ya fundi au ya gari la kuvuta, hiyo ni hoja. Ukiwa unaokoa maisha au uliamriwa na polisi mwenye sare, hoja. Kama tiketi imekosea namba ya gari au imetaja mtaa ambao hukuwepo, hoja. Kama gari ulishaliuza, hoja, lete karatasi. Kama pale chini si njia ya umma bali uwanja wa mtu binafsi, inawezekana, lakini usitegemee hatimiliki peke yake: ardhi inaweza kuwa ya mtu na bado umma ukawa na haki ya kupita juu yake. Halafu ipo ya kupakia na kushusha mizigo, ambayo watu wanaisikia nusu nusu. Inakubalika kama kazi isingewezekana vizuri bila kupanda juu, *na* gari halikuachwa peke yake hata dakika moja. Hiyo "na" ndiyo inayowaangusha wengi.

Mtego wenyewe uko kwenye bei. Kwenye maeneo ya daraja la juu, yaani sehemu za London zenye kiwango kikubwa cha faini, faini hii sasa ni pauni 160, na ukilipa ndani ya siku 14 ni 80. Ukipinga ndani ya siku hizo 14 na wakakukatalia, kwa kawaida wanakupa tena nafasi ya kulipa nusu. Ukiendelea mbele, Notisi kwa Mwenye Gari (barua rasmi ya kudai faini) ikaja, ukajieleza ndani ya siku 28, wakakataa, ukaenda kwa mwamuzi wa London Tribunals, baraza huru la rufaa za faini hizi, hapo unachezea 160 nzima. Kwenda kwa mwamuzi ni bure, unaweza kusikilizwa kwa simu, na wakati mwingine halmashauri haileti hata utetezi na faini inafutwa. Lakini mtu wa mshahara wa saa kwa saa akiona 80 ya uhakika na 160 ya bahati nasibu, analipa, hata kama ana haki. Hapo ndipo nasema mfumo umemwonea. Katazo lenyewe silioni kosa.

Maswali mawili kwenu. Ni sawa mtu kukata rufaa kwa sababu halmashauri imekosea kidogo kwenye karatasi ilhali anajua gurudumu lilikuwa juu? Na katazo la London lisambazwe Uingereza yote, ndiyo au hapana?

dereva_wa_usiku

Mkuu, nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu wa ofisini.

Mitaa mingi ninayopeleka mizigo ilijengwa enzi za Malkia Victoria, hakuna aliyewaza magari. Pande zote mbili zimejaa magari ya wakazi. Nikisimama katikati, basi halipiti na zimamoto halipiti, napigiwa honi na kutukanwa. Nikipandisha magurudumu mawili, tiketi. Halafu unaniambia nisiache gari peke yake. Nimebeba mashine ya kufulia kwenda ghorofa ya tatu, gari nalo nipande nalo?

Huko nyumbani lori lina utingo. Mmoja anabeba, mwingine analinda gari. Hiyo sheria ya 1974 nadhani iliwaza gari la namna hiyo. Kampuni za siku hizi zimemfuta utingo ili ziokoe mshahara, faini ikabaki kwa dereva.

Na msinidanganye kwamba ni usalama. Aprili 2025 wamepandisha kutoka 130 hadi 160. Njia ya miguu ilikuwa hatari zaidi mwezi huo?

MamaMapacha

Kaka dereva pole na kazi, ila mie naomba niseme la upande wa pili, maana hoja ya "kigari kingepita" hutolewa na watu wasiosukuma kigari.

Kigari cha mapacha ni kipana. Ule uwazi mlioacha na moyo wenu mzuri, mie nafika hapo nageuza, nashuka ukingo kwa nyuma, natokea barabarani kati ya magari mawili yaliyopaki, nachungulia kama kinyonga. Mvua inanyesha. Na mie angalau naona. Mjomba wangu haoni, anatembea na fimbo nyeupe. Yeye njia ile ameikariri: ukuta, geti, nguzo, kona. Akikuta kioo cha pembeni cha gari usoni hajui aliloligonga linaishia wapi, wala basi linatokea upande gani. Shirika la Guide Dogs, la mbwa wanaoongoza wasioona, limelipigia kelele jambo hili miaka mingi, na huku tunajibizana kuhusu vibao.

Swali la kwanza: hapana, si sawa. Ukijua ulipanda, lipa. La pili: ndiyo, hata kesho.

Mkazi_Leicester

Huku kwetu nje ya London askari wa maegesho anapita tu kama hapana mistari ya njano wala amri ya mtaa huo. Ni hadi polisi waseme umeziba njia. Kitabu cha kanuni za barabarani, Highway Code, kanuni ya 244, kinasema London ni marufuku, kwingine "haifai". Serikali iliuliza maoni ya wananchi mwaka 2020, na kamati ya usafiri ya Bunge ilikwishaandika ripoti mwaka mmoja kabla. Watu wa huku wakija harusini London Jumamosi wanapaki kama walivyozoea, wanarudi na bahasha. Mimi sioni tatizo na katazo; naona tatizo na nchi moja yenye kanuni mbili.

MkalimaniWaLondon

@dereva_wa_usiku hoja ya utingo imenigusa, nitairudia. Kwanza hili la hela. Halmashauri hairuhusiwi kisheria kupanga ada za maegesho ili kujaza mfuko wake. Mwaka 2013 wakazi wa Barnet, kaskazini mwa London, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kupandishwa kwa vibali vya kupaki, wakashinda kwa sababu hiyo hiyo. Ziada ya maegesho ina matumizi yaliyotajwa, mengi yake ni barabara na usafiri. Sisemi wote ni malaika. Nasema kwa mwamuzi, "wanatafuta pesa" si utetezi.

@MamaMapacha nakubaliana nawe karibu yote, ila si hilo la kwanza. Utaratibu ukivunjwa na halmashauri ni haki kuufuata. Wao wakichelewa au wakikosea namba tusiwafunike, maana wao hawatufuniki sisi tukichelewa siku moja.

Shangazi_Reading

Hamjambo wanangu. Mnajadili wenye kuipata barua. Je, asiyeipata?

Gari la kijana wangu liliandikwa jina la binamu yake, kwa sababu ya bima, mnaelewa. Binamu akahama nyumba, hakubadilisha anwani kwenye kadi ya gari. Faini ikaenda nyumba ya zamani, ikarudi mara ya pili, ya tatu, mpaka siku wamegonga mlango madalali wa mahakama, na deni si lile tena. Hapo unakata rufaa kwa nani?

MkalimaniWaLondon

Shikamoo Shangazi. Hilo ndilo linaloumiza wengi kuliko yote, na ngoja nilieleze kwa kirefu.

Kwa tiketi hizi anayedaiwa ni mwenye gari, na kwa kawaida wanamchukulia aliyeandikwa kwenye kadi kuwa ndiye. Aliyeshika usukani hawamjui. Notisi kwa Mwenye Gari inakwenda kwenye anwani iliyo DVLA, idara ya serikali inayosajili magari. Ikipita siku 28 bila malipo wala maelezo, wanaongeza nusu, kwa hiyo 160 inakuwa 240. Kisha inasajiliwa kama deni kwenye kituo cha mahakama kilichopo Northampton, na baada ya hapo ndipo madalali.

Ukifikia huko usianze kubishana kuhusu gurudumu, hakuna atakayesikiliza. Unajaza fomu TE9 kutamka kwamba Notisi hiyo hukuipata, na kama muda umepita unaongeza TE7 kueleza kwa nini umechelewa. Ikikubaliwa, amri ile inafutwa na mambo yanarudishwa nyuma, unapata nafasi ya kujieleza upya. Ila ni tamko la kisheria, ukidanganya ni kosa kubwa kuliko kupaki. Na watakuuliza kwa nini anwani haikubadilishwa, maana kuibadilisha ni wajibu wa mwenye kadi.

BabuWaGlasgow

Uskoti tumeshavuka. Sheria ilipitishwa 2019, halmashauri zikaruhusiwa kutoza faini kuanzia Desemba 2023. Edinburgh ilianza Januari 2024. Pauni 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Lakini huku mpeleka mizigo amefikiriwa: kama hana pa kusimama pengine, anapewa hadi dakika 20, mradi aache mita moja na nusu ya kupita. Mita moja na nusu unaipima kwa futi ya fundi, hubishani na mtu. Kabla ya kusambaza ya London, waje waone ya huku.

MamaMapacha

Babu, dakika 20 za dereva mmoja sawa. Mtaa wangu wanapita madereva asubuhi hadi usiku. Akiondoka huyu anapanda yule. Mjomba atembee saa ngapi?

dereva_wa_usiku

Babu umenena. Dada Mapacha, hilo sina jibu lake, nasema kweli.

Lakini Mkalimani, umesema anayedaiwa ni mwenye gari. Sasa nikueleze inavyokuwa kwetu. Gari ni la kampuni. Tiketi ikija kwa posta inakwenda ofisini. Wao wanalipa nusu siku hiyo hiyo, hawaniulizi, kisha wananikata kwenye mshahara pamoja na "gharama za ofisi". Wiki mbili baadaye naona kwenye karatasi ya malipo. Rufaa ninayohubiriwa iko wapi?

MkalimaniWaLondon

Hapo umenishika. Kwa jinsi kampuni yenu inavyofanya, haipo. Haki ya kukata rufaa ni ya mwenye gari, na faini ikishalipwa kesi imefungwa. Mwamuzi hana cha kusikiliza. Kwa hiyo kampuni inanunua utulivu wake kwa pauni 80 zako. Sheria inasema gari la mizigo lisiachwe peke yake, kampuni inatuma mtu mmoja kwa kazi ya watu wawili, na anayetozwa ni yule asiye na haki hata ya kubisha. Kama kuna jambo la kumpelekea mbunge kwenye mjadala huu, mimi ningepeleka hilo kabla ya vibao.

Wewe binafsi: soma mkataba wako, uone kama umewaruhusu kukata hela kwa faini. Kama hujakubali kwa maandishi, makato hayo yana walakini, na Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wanatoa ushauri bure kwa simu. Na waandikie sasa, kabla ya tiketi nyingine, kwamba ikija wakujulishe siku hiyo na wakupe idhini ya maandishi ya kuwasemea mbele ya halmashauri. Inaruhusiwa.

dereva_wa_usiku

Wakikataa?

MkalimaniWaLondon

Wakikataa unakuwa na barua yenye tarehe inayoonyesha uliomba nafasi ya kujitetea na hukupewa. Kwenye ubishi wa mshahara, karatasi hiyo ina kazi.

Shangazi_Reading

Mkalimani, hizo TE9 na TE7 zinapatikana wapi? Kijana yuko hapa, anataka azijaze usiku huu.