Ubepari, ujamaa, ukomunisti: enzi za viwanda, mfanyakazi alipata nini?

Kijana_wa_Kirumba: Wakuu, heshima kwenu. Hapa mwaloni tumebishana sana. Mmoja anasema ubepari ndio ulioijenga dunia, mwingine anasema bila Karl Marx, yule mwanafikra Mjerumani aliyeupinga ubepari, mfanyakazi asingepumua, wa tatu anauchukua ujamaa na ukomunisti kama kitu kimoja. Nisaidieni kulinganisha, lakini kwa enzi za viwanda vya Ulaya, si siasa za vyama vya leo.

Nyegezi_Juu: Anzia Manchester, mji wa viwanda vya pamba Uingereza, mkuu. Huo ndio ubepari: mwenye mtaji ananunua mashine, anaajiri watu, na kinachobaki baada ya gharama ni chake. Mwanauchumi Adam Smith alishaandika mwaka 1776 kwamba ushindani unashusha bei, na tusikatae, nguo za pamba zilifika hadi kwa maskini. Ila tazama zilivyotengenezwa. Sheria ya Uingereza ya 1833 ilikataza viwanda vya nguo kuajiri watoto walio chini ya miaka 9. Maana yake kabla ya hapo walikuwa wakiajiriwa. Waliotimiza miaka 9 hadi kufikia 13 wakawekewa ukomo wa saa 9 kwa siku, na hilo likahesabiwa ushindi! Pamba yenyewe, nyingi ilivunwa na watumwa Marekani.

Mwalimu_Sengerema: Kaka Nyegezi umesema kweli. Ujamaa ulizaliwa kwenye hasira hiyo, na haukuwa wa aina moja. Robert Owen aliendesha kiwanda cha New Lanark, Scotland, akapunguza saa za kazi na kufungua shule ya watoto wa wafanyakazi. Mwaka 1844 watu 28 wa Rochdale, baadhi yao wafumaji, walichanga fedha wakafungua duka lao: kila mwanachama kura moja, faida inagawanywa kulingana na manunuzi.

Marx na Engels (huyu wa pili ni mtoto wa mwenye kiwanda) waliona hayo hayatoshi. Walichoandika mwaka 1848, wakakiita ukomunisti, ni kwamba njia kuu za uchumi zitoke mikononi mwa mabepari, matabaka yafutike, na mwishowe mamlaka ya dola yenyewe yakose kazi. Huko hakuna nchi iliyofika. Urusi baada ya mapinduzi ya wakomunisti ya 1917 dola ilizidi kunenepa. Kuanzia 1928 viwanda vilipanda kwa kasi, lakini njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, Ukraine ikiumia vibaya sana. Siwezi kuwafundisha watoto viwanda vile nikainyamazia njaa ile.

Binti_Magu: Shikamoo Mwalimu. Mbona mmeisahau pamba yetu? Wazee wetu Usukumani walikuwa wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakajiunga, wakaweka wapimaji wao, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele. Likaja kumiliki hadi vinu vya kuchambulia pamba. Ule ndio ujamaa ninaouamini. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, ununuzi ukaenda kwa mamlaka ya serikali ya zao la pamba, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani isiyo yake. Kwangu hapo ndipo penye mpaka: mali ya wakulima na mali ya dola ni vitu viwili.

Mitumbwi_Igombe: Mimi ndiye mnayemwita tajiri. Nyavu, injini, mafuta, taa za dagaa, leseni, vyote natoa mimi. Mtumbwi ukirudi mtupu, mafuta yaliyoungua ni yangu. Tukipata, tunatoa gharama kwanza, kisha nusu yangu, nusu ya wavuvi. Asipokuwepo wa kuthubutu fedha yake, hao vijana wataingia ziwani na nini?

Mwalimu_Sengerema: Hoja yako nzito, ndugu yangu, na wavuvi wako wana afadhali kuliko mtu wa Manchester, maana wana fungu. Yule alikuwa na ujira tu.

Binti_Magu: Kaka wa Igombe, mvuvi wako akifa maji, mkewe anapata nini?

Mitumbwi_Igombe: Dada, tunachanga rambirambi. Nami natoa zaidi ya wengine. Mfuko maalumu hatuna.

Nyegezi_Juu: Hapo ndipo Ujerumani inafundisha. Bismarck, kansela wa Ujerumani wakati huo, aliwachukia wanajamaa, akawapiga marufuku mwaka 1878, lakini kwa kuogopa wafanyakazi wasiwafuate akaleta bima ya ugonjwa 1883, ya ajali 1884 na pensheni ya uzee 1889. Viwanda vikabaki vya mabepari. Ya ugonjwa mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Ya ajali walilipa waajiri peke yao, kwa kuwa mashine ni zao. Kaka wa Igombe, mtumbwi ni wako. Mfuko wa wanaokufa maji utoke kwenye nusu yako.

Mitumbwi_Igombe: Kwenye nusu yangu yote hapana. Utolewe pamoja na mafuta, kabla hatujagawana. Hilo nitalipeleka kwa wenzangu wenye mitumbwi.