Naomba ushauri: upanga wa mazoezi unashika kutu

Wakuu, habari zenu. Niko Ujerumani, mwaka wa pili sasa najifunza upanga wa mikono miwili kwa mtindo wa Liechtenauer, yule mwalimu wa karne ya 14. Upanga wangu ni butu, wa chuma cha kaboni, kama kilo moja na nusu. Juzi niliusahau kwenye begi pamoja na glavu zilizolowa jasho. Asubuhi nikakuta madoa ya rangi ya chai karibu na mpini. Nimesugua kwa msasa laini, nikapaka mafuta ya cherehani, bado yapo. Halafu ukingo umeota vimeno vinavyokwaruza koti la mwenzangu. Nipige tupa mwenyewe au nitauharibu? Mke wangu anasema nipake mafuta ya nazi (yeye kila kitu nazi), mimi naogopa yatavunda.