Mrejesho: pasiwedi ya waifai imepatikana kwenye laptop

Wakuu, lile swali langu la pasiwedi ya waifai ya nyumbani, ambayo hakuna anayeikumbuka ila laptop yangu ya Windows inajikonekti yenyewe, limeisha, asanteni sana. Nimefungua cmd (lile dirisha la Windows la kuandika amri) kama administrator nikaandika netsh wlan show profiles, yakaja majina ya waifai zote mashine ilizowahi kusevu, halafu netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear, hapo kwenye Nyumbani weka jina la waifai yako. Shuka mpaka palipoandikwa Key Content, pasiwedi iko wazi kabisa. Usisahau key=clear maana bila hiyo haionekani. Aliyeshauri niriseti ruta nashukuru pia, ila ingebidi kuunga vifaa vyote upya, na saa hizi dogo na simu yake mpya yuko hewani tayari.