Amri ya nakala rudufu inakubali kwa mkono, lakini cron haiitekelezi usiku

Muulizaji, Kigoma

Habari zenu, wanajukwaa. Ninatunza kompyuta ya Linux katika ghala la dagaa hapa Kibirizi, na ningependa kila siku saa tatu usiku, hesabu za mauzo zikishafungwa, ijitengenezee nakala rudufu bila mtu kuigusa. Katika orodha ya cron, programu inayotekeleza amri kwa saa iliyopangwa, nimeweka mstari huu kwa `crontab -e`:

`0 21 * * * tar -czf /home/ghala/nakala/mauzo-$(date +%F).tar.gz /home/ghala/mauzo`

Amri hiyo nikiiandika mwenyewe, faili hutokea palepale, usiku halitokei. Naombeni msaada, maana hesabu za wavuvi wanaotudai zimo humo.

Jibu, Tabora

Ndugu, saa umeiandika sawasawa: sifuri ni dakika, 21 ni saa tatu usiku, na nyota tatu ni kila tarehe, kila mwezi na kila siku ya wiki. Kinachokukwamisha ni alama ya asilimia. Ndani ya crontab, yaani orodha hiyo ya cron, `%` ya kwanza huhesabiwa kuwa mwisho wa amri, na yanayofuata hulishwa amri hiyo kama maandishi ya kusoma, kwa hiyo sheli (programu inayosoma amri) inapokea `$(date +` isiyofungwa, inalalamika na kuacha. Andika `\%F`, au, kama ninavyopendelea mimi, hamishia amri nzima kwenye faili la skripti, yaani faili lenye amri za kutekelezwa, ambamo asilimia haina taabu, kisha crontab iite skripti hiyo kwa njia yake kamili. Mwishoni ongeza `>> /home/ghala/nakala.log 2>&1` ili malalamiko yoyote uyakute yameandikwa.

Jibu, Kasulu

Naongezea suala la umeme. Kompyuta ikiwa imezimika saa tatu, cron haifidii kazi iliyopita. Taima ya systemd, mfumo wa Linux unaoendesha huduma na kazi za ratiba, yenye `OnCalendar=*-*-* 21:00:00` na `Persistent=true` huitekeleza mara kompyuta inapowaka tena. Tafadhali pia nakili faili hizo kwenye diski ya nje, kwa sababu diski ya ndani ikifa, itakufa na nakala zake.

Muulizaji, Kigoma

Nashukuruni sana, kwa `\%F` faili limetokea. Je, skripti aliyoipendekeza ndugu wa Tabora itafaa kwa taima?

Jibu, Kasulu

Itafaa, mradi ianze na `#!/bin/bash` na uipe ruhusa kwa `chmod +x`. Usiiandike amri yenyewe ndani ya faili la systemd, kwani humo nako asilimia ina kazi yake maalumu. Taima ikishawashwa, ondoa mstari wa crontab, la sivyo kazi itafanyika mara mbili.